Kibao cha Matundu Hamsini

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Baada ya ibada mchungaji alitugawia madaftari, kila mtu lake, tuandike tunachojinyima mpaka Pasaka. Eunice Brekke anajinyima sukari. Mke wa mchungaji anajinyima simu, na tutaona. Mimi nimerudi nyumbani na majivu yangu kwenye paji la uso, nimekaa mezani, na nimeandika hivi: Sijinyimi kitu. Mwaka huu ninaanza kitu. Bwana anisamehe kama nimegeuza utaratibu wake.

Ninachoanza ni hiki. Nitajaza risasi zangu mwenyewe, katika chumba cha chini cha nyumba yangu, na kabla mashindano ya majira haya hayajafungwa nitazipiga kwenye klabu, mbele ya ile karatasi.

Niieleze karatasi, maana daftari ni geni. Klabu yetu ya bastola iko chini ya kiwanda cha siagi cha zamani. Mwezi wa Novemba, siku ya Jumamosi, bastola ya silinda aliyoachiwa mume wangu Orlin na baba yake ilipasuka mkononi mwake. Ganda moja la risasi lilikuwa na baruti mara mbili. Alikuwa amelijaza mwenyewe, kama alivyojaza maelfu kwa miaka ishirini na sita. Orlin alipoteza ncha ya kidole cha shahada. Kipande cha chuma kiliruka kikamchana shavu ndugu yake, Merle, aliyekuwa amesimama nafasi ya pili ya kupigia. Merle ndiye mwenyekiti wa klabu. Januari akabandika karatasi mlangoni: Risasi zilizojazwa katika nyumba ya Orlin Tveit haziruhusiwi humu.

Hakuandika "zilizojazwa na Orlin". Aliandika nyumba. Nyumba ni mimi pia.

Toka Novemba Orlin hajashuka chumba cha chini. Mashine yake ya kujazia risasi ameifunika shuka. Anakaa kwenye kiti anatazama utabiri wa hali ya hewa, na hali ya hewa ya Dakota Kaskazini mwezi wa Machi haihitaji kutabiriwa.

Kuna neno nililomwambia hospitalini ambalo silo la kuandikwa leo.

8 Machi

Theluji. Supu ya mbaazi. Orlin hajashuka.

12 Machi

Nimekwenda dukani kwa Gordy baada ya kufunga jiko la shule. Gordy anauza bunduki mbele, chambo cha samaki nyuma, na kahawa katikati ni ya bure, kwa hiyo wanaume hawakosekani. Leo alikuwepo Merle peke yake, na kikombe.

"Karibu, mama," akasema Gordy. "Chambo au glavu?"

"Mashine ya kujazia risasi. Za bastola, saizi thelathini na nane."

Gordy akamtazama Merle. Merle akaitazama kahawa.

"Ya Orlin imekufa?"

"Ya Orlin nzima. Nataka yangu."

Basi akaniletea kubwa, ya buluu, kama ya Orlin. Sahani inazunguka, vituo vitano, unavuta mkono mara moja na risasi moja kamili inadondoka kwenye bakuli. Akaisifu kama mtu anayeuza ndama. "Mia tano kwa saa, mama. Unamaliza kazi ya mwezi kabla mkate haujaumuka."

"Na baruti naionea wapi?"

"Huioni. Inajipima yenyewe."

"Gordy, mimi napikia watoto mia mbili kila siku. Kuna mashine ya kutia chumvi pale shuleni, ya bei kubwa. Nimeigeuza ukutani. Chumvi natia kwa mkono wangu na naonja kwa ulimi wangu."

Merle akacheka puani. "Shemeji, hiki si kitoweo."

"Ndiyo maana sitaonja. Nitatazama."

Akaniletea tena sanduku la wanaoanza, kila kitu ndani, na mkeka wa rangi ya waridi juu yake. Nikaurudisha mkeka, sina haja ya kuvalishwa gauni nikiwa kazini. Vingine nikavitoa kimoja kimoja, nikauliza cha nini. Yale niliyokuwa sijui niliyauliza mara mbili, wala sikuona haya. Nilimaliza shule kwa alama za kuniondoa tu mlangoni, lakini mtu aliyefundishwa kuuliza hakunyimwa kila kitu.

Niliyochukua: mashine ndogo ya chuma ya kazi moja, unavuta mkono mara moja na inafanya jambo moja tu, basi. Kalibu tatu za kubana maganda, za kile chuma kigumu kisichohitaji ganda kupakwa mafuta. Mizani ya mkono, ile ya ubao unaopanda na kushuka. Kulikuwa na ya umeme, ndogo, nzuri, lakini Gordy mwenyewe alipoiwasha ilibadili mawazo mara tatu kabla hajaweka kitu juu yake. Kipimio cha baruti. Kitabu cha vipimo, kipya, si cha kuazima. Kibao cha mti chenye matundu hamsini, ambamo maganda husimama kama watoto wa kwaya, na ukimulika tochi unaona ndani ya kila moja. Na ile nyundo ya plastiki inayovunja risasi iliyokwisha kujazwa, ikarudisha baruti huku na kichwa kule.

"Nyundo?" akasema Gordy. "Watu huinunua mwisho, mama, wakishafanya kosa la kwanza."

"Kosa la kwanza tayari ninalo nyumbani. Limekaa kwenye kiti."

Nilijuta palepale. Merle aliweka kikombe chini.

"Kwa kamashine hako," akasema, akivaa kofia, "utakuwa unajaza mpaka Pasaka."

"Pasaka ni siku njema, shemeji."

"Na karatasi iko palepale."

"Na mimi nitakuwa palepale."

16 Machi, Jumapili

Baada ya kanisa nimefunga mashine kwenye meza ya chini, upande wa pili wa ile yenye shuka. Ilibidi nitoboe mbao matundu mawili. Orlin alisikia keekee ikilia, akaongeza sauti ya televisheni. Nikaongeza keekee. Ndoa ya miaka thelathini ina namna nyingi za kuzungumza.

Kila tanuri la kupasha nyumba joto linapowaka, upepo wake unatikisa mizani. Nimeifunika kwa kifuniko cha kioo cha kuwekea keki. Imetulia kama keki.

Orlin hajashuka.

17 Machi

Nimesoma kitabu cha vipimo sura ya kwanza. Sijaelewa nusu.

18 Machi

Sura ya kwanza tena. Nimeelewa hiyo nusu. Sasa ile nyingine ndiyo ina mashaka.

22 Machi

Dhoruba ya theluji siku mbili. Jana shule ilifungwa. Asubuhi Merle amekuja na trekta kusafisha njia yetu, kama alivyofanya kila baridi toka mama yao afariki. Sijamwita na hajaitwa. Kazi ya ndugu haisubiri mapatano.

Nimempa kahawa na keki ya tende hapo kibarazani, buti zake miguuni. Orlin alikuwa ndani, hatua sita, na mlango wazi. Ndugu wawili wa tumbo moja wakazungumza kupitia kwangu.

"Mwambie bomba la mafuta lina barafu."

"Orlin, bomba lina barafu."

"Mwambie nimeliona."

"Ameliona, Merle."

"Basi mwambie aiyeyushe barafu."

Nikasema mimi si posta, stempu zimekwisha. Hakucheka mtu. Merle akajigusa shavu, kwenye kovu, kama anavyojigusa sasa kila akitaka kusema jambo.

"Shemeji, nikununulie za dukani. Nyepesi. Nitaziagiza mjini, upige na wewe kama watu wengine, yaishe."

"Za dukani zinanipiga teke la punda na wewe unajua. Huu mkono una baridi yabisi. Orlin alikuwa ananijazia laini."

"Ndiyo nasema. Alikuwa."

Niliingia ndani nikamfungia mlango, keki ikiwa mkononi mwake. Nasali kwa ajili yake kila usiku na leo pia nitasali, lakini kwa ufupi. Moyo wa mtu huyo ni kama hiyo njia: trekta linaisafisha na upepo unaijaza tena.

26 Machi

Kumi za kwanza! Zimesimama mezani, vichwa vyake bapa, ndogo na nzito kama vifungo vya koti la bibi. Imenichukua saa mbili na robo. Kila ganda limepita mikononi mwangu mara tano: kusafishwa, kubanwa, kuwekwa fataki ya kuwashia, baruti, kichwa cha risasi. Baruti haifiki hata theluthi ya ganda, imekaa chini kama sukari iliyosalia kikombeni. Ndiyo hatari yake. Ukiitia mara mbili haimwagiki wala haikupigii kelele. Ni lazima uitazame, na uilinganishe na jirani zake.

Supu ya Kwaresima kanisani ilikuwa zamu yangu. Nilinuka mafuta ya chuma. Mke wa mchungaji alikuwa anatazama simu chini ya meza.

29 Machi

Nimekwenda na Eunice kwenye shimo letu la changarawe, nyuma ya ghala, tukazipiga zile kumi. Eunice ana miaka sabini na minane na bado anamfunga kila mwanaume klabuni. Kumi zote zimetoka sawa. Mkono wangu haukuuma. Nililia kidogo, baridi ikanigandishia machozi, Eunice akasema niache, nitapasuka kope.

"Jaribu wewe mbili," nikamwambia.

"Mwanangu, nakupenda, lakini sipigi risasi ya mkono wa mtu mwingine hata akinijazia malaika Gabrieli."

Sikuchukia. Ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii, haikuandikwa popote na kila mtu anaijua. Orlin ndiye aliyenifundisha, siku ya kwanza kabisa: risasi ya mwingine usipige, awe ndugu, awe mume, awe mke. Mimi nilikuwa napiga zake kwa sababu nilikuwa sijui kujaza. Niliita hiyo mapenzi. Labda ilikuwa uvivu.

Nilipomwambia Orlin kwamba zimetoka sawa, alisema, "Vizuri." Halafu akasema kesho ni mvua ya barafu.

30 Machi

Mvua ya barafu. Hajashuka.

2 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Nilishuka saa kumi jioni kujaza hamsini, kibao kizima. Hizi ndizo za kwenda nazo klabuni tarehe ishirini na sita, siku ya mwisho ya mashindano. Nilikuwa na amani. Nilikuwa naimba wimbo wa Kwaresima polepole, ubeti mmoja kwa mstari mmoja wa maganda, ili mkono usikimbie. Safu mbili zikajaa baruti. Safu ya tatu, katikati, simu ikalia juu.

Orlin akapaza sauti, "Mama Marit! Ni binti yako, anauliza nyama ya Pasaka!"

Nilipanda ngazi. Nikazungumza na Marit habari ya paja la nguruwe, nani alete viazi, nani asikae karibu na nani. Dakika nane labda. Nikashuka, nikaendelea. Nikamaliza kibao.

Nikachukua tochi. Kila nikimaliza kibao nachukua tochi, ndiyo sababu nilinunua kibao. Safu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, tundu la nne: baruti imepanda. Si sana. Unene wa kidole cha mtoto. Ukitazama hilo ganda peke yake unasema ni sawa. Ukiangalia kushoto na kulia kwake ndipo unaona kwamba limesimama pale kama mtu mwenye deni kanisani.

Mara mbili. Mimi. Kwa mkono wangu, na kamashine kangu ka kazi moja, na mizani chini ya kifuniko cha keki, na wimbo wa Bwana mdomoni.

Nilikaa kwenye ndoo. Niliwaza kwamba ningekuwa na ile mashine ya buluu, yenye kuficha, risasi hiyo ingekuwa bakulini na wenzake sasa hivi, nzuri, inang'aa. Ningeibeba mpaka klabuni kwa kiburi changu chote. Na nafasi ya pili angesimama nani?

Sasa nitaandika lile neno. Hospitalini Novemba, kidole cha Orlin kikiwa kinafungwa, nesi yuko pale, Merle yuko pale na pamba shavuni, nilisema kwa sauti: "Ulikuwa unawaza nini, Orlin? Mtoto wa darasa la kwanza angeona." Nilisema hivyo mbele za watu. Na Januari, Merle alipoandika karatasi, nilijifanya sijui ni nani aliyempa wino.

Nimejisifu katika daftari hili kwamba napigana na karatasi ile. Karatasi ile mstari wake wa kwanza ni wangu.

Nikalichukua lile ganda, nikalishika wima kama mshumaa, nikapanda nalo. Orlin alikuwa kwenye kiti. Nikazima televisheni. Hilo halijawahi kufanyika nyumba hii wakati wa utabiri.

"Mulika humu," nikamwambia, nikampa tochi.

Akamulika. Hakuhitaji jirani wa kulinganisha. Miaka ishirini na sita. Akaniangalia mimi.

"Simu?" akauliza.

"Simu."

"Mimi haikuwa simu," akasema. Toka Novemba hajawahi kulizungumza jambo hili, si kwa daktari, si kwa mchungaji. "Mashine ilikwama. Sahani haikuzunguka vizuri. Nikarudisha mkono nikavuta tena. Na nilijua, mama Marit. Mkono ulijua. Kuna kitu kilikuwa kizito. Nikasema moyoni, haidhuru, ni moja tu. Nikaendelea." Akazima tochi. "Siyo kwamba sikuona. Nilisema haidhuru."

Nilipiga magoti pale kwenye zulia, mbele ya kiti chake. Nikamwambia, "Neno la hospitalini nalifuta."

"Lilikuwa kweli."

"Lilikuwa kweli na lilikuwa la kikatili. Nalifuta."

Akalishika lile ganda kwa mkono wake wenye kovu, akaangalia ndani tena, gizani, kama mtu anachungulia kisima.

"Ulilitafuta mwenyewe?" akasema. "Hakuna aliyekuambia?"

"Kila kibao natafuta."

Akarudisha ganda. Hakushuka. Lakini televisheni haikuwashwa tena.

Maganda yote hamsini nimerudisha baruti chupani, yote. Nitaanza upya kesho. Simu nitaitoa kwenye waya, na mke wa mchungaji aone jinsi inavyofanywa.

3 Aprili

Hamsini. Tochi mara mbili. Sawa.

6 Aprili

Theluji inayeyuka. Tope mpaka kwenye magoti ya ng'ombe. Orlin hajashuka, ila leo ameniuliza tanuri likiwaka naizuiaje mizani isitikisike. Nikamwambia kifuniko cha keki. Akasema, "Ee," kama mtu aliyeambiwa habari za nchi ya mbali.

13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Upepo umebeba matawi yetu mpaka kwa Wakatoliki.

16 Aprili

Merle amenipigia. Amesikia kutoka kwa Gordy kwamba nitakuja tarehe ishirini na sita.

"Shemeji, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Nani anamfanyia nani? Jina letu liko mlangoni mwako, linasomwa na kila anayekwenda kukojoa."

Halafu, polepole: "Unajua mimi sijapiga toka Novemba?"

Sikujua. Nilidhani mwenyekiti anapiga.

"Nakaa mlangoni, nakusanya majina. Nikisimama pale, yeyote akipiga pembeni yangu, najikunja kama mtoto. Mimi mwenye miaka sitini na moja. Ile karatasi, Arlys... Nilidhani nikiibandika nitaacha kuogopa."

"Umeacha?"

"Hapana."

Toka nimfahamu sijawahi kumsikia akisema hapana kwa sauti hiyo. Nilikuwa nimeandika humu kwamba moyo wake ni kama njia inayojaa theluji. Nimerudi nyuma nikausoma ule ukurasa, sikuufuta, ili nikumbuke jinsi ninavyokosea watu.

"Merle," nikasema, "nakuonea huruma na nitakuja."

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Kengele hazikupigwa. Sikugusa chuma.

20 Aprili, Pasaka

Amefufuka! Marit amekuja na watoto, paja la nguruwe limekauka kidogo. Merle hakuja. Nilimpelekea sahani. Alisema nyama imekauka. Nikamwambia basi rudisha sahani. Hakurudisha.

26 Aprili, Jumamosi

Nimekwenda.

Orlin alisema hatakwenda. Nikasema sawa. Nilipowasha gari alikuwa ameshakaa kiti cha abiria, kofia imeshuka machoni. Nusu njia nikamwachia usukani, nikashika sanduku la mbao mapajani, risasi hamsini, na daftari hili juu yake.

Karatasi iko palepale mlangoni, pembe moja imejikunja kwa unyevu. Merle alikuwa mezani pake na orodha. Watu kama kumi na tano, kahawa, harufu ya baruti na siagi ya miaka hamsini. Waliponiona mimi walinyamaza nusu. Walipomwona Orlin nyuma yangu wakamalizia.

"Shemeji," akasema Merle, "umeisoma karatasi?"

"Nimeisoma. Sioni sahihi ya Mungu juu yake."

"Ni uamuzi wa klabu."

"Basi klabu ifanye kazi yake. Hizi hapa hamsini. Mashindano yanataka thelathini. Ishirini ni zako. Chagua mwenyewe, vunja, pima."

Eunice, kutoka kwenye benchi, akila kitumbua, maana Kwaresima imekwisha: "Vunja, Merle. Au unaogopa utakuta sawa?"

Akaja. Alichagua kwa kurukaruka: mbili pembeni, mbili katikati, mbili chini kabisa. Nyundo ya klabu, gogo la klabu, mizani ya klabu. Pa, pa, baruti ikamwagika kwenye sahani ndogo. Alivaa miwani. Ya kwanza, sawa. Ya pili. Ya tatu. Alipofika ya sita mikono yake ilikuwa imetulia zaidi kuliko yangu. Ubao wa mizani ulisimama palepale ulipostahili, mara sita.

"Sawa," akasema. Halafu akajigusa shavu, akaniuliza mbele ya wote lile swali ambalo ndilo nililiogopa: "Hujawahi kukosea, shemeji?"

Ningeweza kusema sijawahi. Sita zimelala pale zikinishuhudia. Wanaume wa chumba kile wamejaza risasi maisha yao yote na sijawahi kumsikia hata mmoja akisema alikosea. Hapo ndipo nilipokasirika. Wala si kwa Merle. Nilikasirikia kimya kile chote.

"Nimekosea," nikasema. Nikafungua daftari. "Tarehe mbili Aprili, safu ya tatu, tundu la nne, baruti mara mbili. Niliitwa kwenye simu. Niliiona kwa tochi. Hii nyumba ya Tveit mnayoiandika mlangoni inajua kukosea, na inajua kutazama, na inasema. Nani mwingine humu atafungua daftari lake?"

Hakufungua mtu. Mmoja alikohoa. Gordy alitazama viatu vyake, na ni viatu alivyoviuza mwenyewe, anavijua.

Eunice akajifuta sukari kidoleni. "Mimi mbili," akasema. "Mwaka ambao mume wangu Halvor alikufa. Nilizivunja nikanyamaza."

Merle alisimama na miwani yake mkononi. Na mimi nilikuwa nimeshachukua sanduku niende nafasi yangu, karatasi au bila karatasi, wanitoe kwa mabega wakitaka, ndipo Orlin alipovua kofia.

"Nipe tano," akasema.

Nilidhani sikusikia. "Za dukani ziko kwa—"

"Zako. Nipe tano. Na bastola yako, yangu haipo."

Mtu aliyenifundisha usipige ya mwingine, awe ndugu, awe mume, awe mke. Yeye mwenye kidole nusu. Alinyoosha kiganja na kovu lilikuwa katikati, jeupe, kama njia ya konokono.

Nikamhesabia tano.

Akaenda nafasi ya kwanza. Merle alikuwa nafasi ya pili, pale meza ya mizani ilipo. Nilimwona akirudi hatua mbili. Halafu akaja mbele moja. Akabaki hapo, mabega juu, macho amefumba, lakini amesimama.

Orlin alipiga kwa kidole cha kati. Tano, polepole, kila moja na pumzi yake. Laini zile, zinasikika kama mlango unafungwa na mtu mwenye adabu. Alipomaliza akafungua silinda, akatazama ndani ya mtutu kwenye mwanga, kama inavyopasa, akaiweka chini.

"Zinavuta kushoto kidogo," akasema.

"Ni wewe unavuta," nikasema.

Merle akafumbua macho. Hakutoa hotuba. Alikwenda mlangoni, akaivuta karatasi kwa ile pembe iliyojikunja, akaikunja mara nne akaitia mfukoni mwake. Hakuitupa. Nafikiri nami nisingeitupa.

Nilipiga vibaya kuliko mwaka wowote. Eunice ameshinda.

27 Aprili, Jumapili

Mvua ya kweli, ya kwanza, si barafu. Baada ya kanisa Merle amerudisha sahani, imeoshwa.

Saa kumi nilikuwa chini nasafisha maganda, nikasikia ngazi. Ya tatu kutoka juu hulia. Ikalia. Sikugeuka. Alisimama muda mrefu karibu na mashine yake, akaishika shuka, akaiacha kama ilivyo. Akaja upande wangu akatazama kibao.

"Niazime tochi," akasema Orlin.

Nikamwambia hii ni yangu, duka la Gordy liko wazi kesho, akanunue yake. Na kibao pia.